Tunakwenda Kampala

Harufu ya kitambaa kipya kinapopigwa pasi hunikasirisha. Watu wengine hunusa kitu wakakumbuka jiko la mama zao, wakatabasamu. Mimi nikipita mbele ya fundi cherehani, mvuke ukanijia puani, meno hukazana na hatua hurefuka. Mume wangu ameshazoea. Zamani aliniuliza kuna nini, nikamjibu hakuna kitu. Leo nataka kusema kuna nini, na ninawaambia hasa wale wa rika langu waliokuwa watoto wazuri, wale waliosifiwa kila siku kwamba wanaelewa. Nadhani mtanielewa, samahani kwa kulitumia neno hilo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kimisagara, mjini Kigali. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba yetu, pale mteremko unapokaribia barabara, kati ya mchomeleaji wa vyuma na mama mmoja aliyeuza betri na sabuni. Mchana kutwa tulisikia honi za mabasi ya Nyabugogo zikipanda kutoka bondeni. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu babu yake Baba alikuja huku na wafanyabiashara kutoka pwani, na Bibi yangu aliona ni aibu kumwamkia mtu kwa lugha nyingine ndani ya nyumba yake. Tukitoka mlangoni tulisema Kinyarwanda kama watoto wote.

Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaanza shule. Mwaka uliofuata Baba alimwoa Mama Salama, aliyekuja na binti yake, Salama, mdogo wangu kwa mwaka mmoja tu. Kisha akazaliwa Yasini. Kwa hiyo tulikuwa sita: Baba, Mama Salama, Bibi mzaa baba, mimi, Salama na Yasini. Mama Salama hakuwa mama wa kambo wa hadithi. Hakunipiga, hakuninyima nyama, na alinisuka nywele kwa mkono mwepesi kuliko wa Bibi. Ningependa awe mtu mbaya. Ingenipunguzia kazi.

Mimi Baba aliniita Mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi, na jina hilo lilinipendeza kuliko lile nililopewa siku ya akika yangu. Alasiri nilishuka dukani kumwokotea pini sakafuni kwa kipande cha sumaku, na yeye alikanyaga cherehani huku akinisimulia habari za wateja, nani ananenepa, nani harusi yake imeahirishwa. Nilijiona mtu mzima mwenzake.

Siku moja ya likizo alisimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hakulifanya kamwe.

"Mkubwa."

"Abee, Baba."

"Nikikuambia jambo, utalikalisha tumboni?"

"Nitalikalisha."

Akatoa chini ya kitambaa cha mezani karatasi ya rangi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na picha ya gurudumu kubwa lenye viti vinavyoning'inia, na treni fupi yenye uso wa joka, na watoto wamefungua vinywa kama wanaimba. Alipewa na mteja wake aliyekuwa dereva wa basi.

"Ijumaa ijayo, Inshallah, tunakwenda Kampala. Hii ni bustani ya michezo, iko huko. Siku nne. Watoto hawajui, na sitaki wajue. Nataka waamke asubuhi wakute begi liko mlangoni."

Nimelirudia neno lile kichwani miaka mingi. Tunakwenda. Lugha yetu ina maneno mengi ya kuonyesha heshima na undugu, lakini ile "tu" ya mwanzo haisemi inawahesabu akina nani. Mtu anaweza kukutazama machoni akasema tunakwenda, wewe ukaingia ndani ya neno ukaketi, kumbe hukukaribishwa. Na neno "watoto" nalo nililisikia vibaya. Baba aliposema watoto hawajui, mimi nilijua, kwa hiyo sikuwa mtoto. Nilidhani amenipandisha cheo. Nilipanda kutoka dukani siku ile nikitembea polepole kama mtu aliyebeba maziwa kichwani, nisije nikaimwaga ile siri.

Sikuwaza kwamba niliambiwa kwa sababu mimi sikuwa wa kushtukizwa.

Nilifanya kazi ya siri ile kwa moyo wote. Baba alitaka wavae nguo mpya za kitambaa kimoja, kitenge cha manjano chenye vindege vya buluu. Yasini alipimwa akiwa amelala. Kwa Salama ilikuwa ngumu, maana alikuwa mtoto wa kuuliza.

"Akiona tepu tu atajua," Baba alisema. "Simama hapa wewe. Mna kimo kimoja."

Nikasimama juu ya kibao. Akanipima mabega, kifua, kiuno, kisha kutoka begani mpaka chini ya goti, akinigusa taratibu kwa ncha za vidole kama alivyofanya kwa wateja wakubwa, akaandika namba kwenye daftari lake la vipimo. Juu ya namba zangu aliandika Salama. Niliona. Nilifikiri hakuna haja ya kuandika na langu, maana namba ni zile zile, ya nini kurudia.

Gauni lilipokamilika nilivalishwa mimi kwanza. Baba alilipiga pasi likiwa bado na harufu ya dukani, akanivalisha lingali na joto, akanigeuza, akabana pini mbili kiunoni. "Limekaa," alisema. Nilijitazama kwenye kioo kirefu cha wateja. Nikalivua kwa uangalifu, nikalikunja, nikalificha chini ya godoro langu upande wa ukutani, ili Salama asilione. Kitenge kilichobaki nilikipima kwa macho, nikaona kinanitosha. Nilingoja kikatwe. Kila alasiri nilishuka nikidhani leo ndiyo leo. Baada ya safari kilikatwa foronya za mito ya sebuleni.

Kulikuwa na ishara nyingine. Salama na Yasini walipelekwa kupigwa picha ndogo za karatasi za kusafiria, wakaambiwa ni za shule. Mimi sikupelekwa. Nikasema moyoni, mimi nina picha ya mwaka jana. Salama alipoanza kunusa jambo na kuniuliza mbona Baba anashona usiku na mchana, nilimwambia ni sare za harusi ya mtu wa Kiyovu, na nikamsimulia bibi harusi mpaka viatu vyake. Niliona uongo wangu ni wa halali.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilimwambia Solange, rafiki yangu wa nyumba ya tatu. Ilinibidi nimwambie mtu. Nilimwapisha, akaapa kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na akaniomba nimwangalie kama lile gurudumu linapofika juu linaonyesha mpaka Kigali.

Ijumaa ile tuliamka alfajiri. Baada ya swala Baba aliingia chumbani kwetu na begi mkononi akawasha taa. Salama alikaa kitandani, akatazama begi, akatazama gauni la manjano ambalo mimi mwenyewe nililitoa chini ya godoro na kumtandikia miguuni. Alipoelewa alinirukia shingoni. Aliniambia sikioni kwamba alijua, alijua, mimi ni mwongo mkubwa. Tulicheka. Yasini alilia kwa sababu ya taa.

Nilivaa gauni langu la Idi. Viatu nilikuwa nimeving'arisha kwa mafuta ya kujipaka. Nilitia katika mkoba wa shule mswaki, kanga na karatasi ile ya rangi, nikatoka mpaka sebuleni nikasimama karibu na mlango. Mama Salama alikuwa akifunga kapu la chapati. Chapati zile jana yake tulizisukuma pamoja. Aliniona, akautazama mkoba, kisha akamgeukia Baba.

"Hukumwambia?"

Baba alikuwa akimvalisha Yasini kiatu. Hakuinua kichwa. "Nilidhani nimemwambia."

Mama Salama akarudi kwenye kapu lake, akafungua fundo alilokwisha kulifunga, akalifunga tena. Baba alimaliza kiatu cha pili. Alinijia akachuchumaa, akaniwekea mikono mabegani, pale pale alipokuwa ameweka tepu.

"Wewe ni mkubwa," alisema. "Bibi hawezi kubaki peke yake na miguu ile. Unaelewa, sivyo?"

"Naelewa."

Ndivyo nilivyosema. Ningeweza kulia, ningeweza kujitupa chini kama Yasini. Lakini mtoto anayeitwa Mkubwa hana pa kujitupa. Nilivua mkoba, nikachukua kapu la chapati, nikawasindikiza mpaka barabarani. Salama ndiye aliyegeuka akauliza, "Mkubwa haji?" Baba akamjibu, "Atakuja siku nyingine." Wakateremka kuelekea Nyabugogo, manjano matatu, la mama, la binti na la mtoto, mpaka walipopinda kwenye ukuta wa gereji.

Siku nyingine hiyo haikufika. Nasema mapema ili mtu asiingoje.

Siku zile nne sikuonekana nje. Sikujificha kwa huzuni, nilijificha kwa sababu ya Solange. Niliogopa anione kwenye bomba la maji. Bibi akitaka makaa nilisubiri mchana wa jua kali watu walipolala, nikapita njia ya nyuma, nyuma ya choo cha mchomeleaji, nimejifunika kanga mpaka machoni. Solange akiita kwa mbali nililala sakafuni chini ya dirisha. Nilijificha vizuri sana. Mtaa mzima uliamini nimesafiri.

Bibi siku ya kwanza alinitazama tu. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye masikio mazito na ulimi mwepesi, na miguu yake kweli ilivimba, lakini kwa fimbo yake aliwatembelea majirani wote na kurudi na habari zao. Siku ya pili nilimletea maji ya moto ya kukanda miguu, nikachuchumaa kumkanda, na akanishika kidevu.

"Wewe unanikanda kama unakanda adui. Nimekukosea nini?"

Nikamwambia sikukosewa. Nikamwambia nimebaki kumlinda.

"Kumlinda nani?"

"Wewe, Bibi. Huwezi kubaki peke yako."

Akaniachia kidevu. "Nani kakudanganya? Mimi nina majirani kuliko nywele. Yule mama wa betri angelala hapa, nilishamwomba. Nilimwambia baba yako mara tatu, mchukue mtoto, mchukue mtoto. Akasema amekwisha panga." Alitema mate kwenye bakuli lake. "Na jina langu ndilo analotumia."

Kabla ya hapo nilikuwa na huzuni tu. Huzuni ya mtoto ni kama homa, unalala unaamka imepungua. Bibi aliponiambia vile, huzuni ikageuka hasira. Nilimwaga yale maji, nikachukua ufunguo wa duka msumarini, nikashuka. Nilifungua daftari la vipimo kwenye ukurasa ule. Salama, halafu namba zangu: mabega yangu, kifua changu, kiuno changu, urefu wangu. Nilichukua chaki ya Baba, haikuandika kwenye karatasi. Nikatafuta kalamu. Nikalikata jina la Salama kwa mistari mingi mpaka karatasi ikatoboka, nikaandika langu chini yake, lile la akika, si Mkubwa. Baba aliporudi lazima aliliona, kwa sababu daftari lile alilifungua kila siku. Hakuniuliza kamwe.

Walirudi Jumatatu jioni wakiwa wamechoka na kunuka basi. Yasini alikuwa amelala begani. Baba aliniletea kofia ya karatasi ngumu yenye picha ya joka, ukingo wake umepondeka njiani. "Mkubwa wangu," alisema, "umetulindia nyumba." Bibi, aliyekuwa ukumbini, alisema kwa sauti ya kiziwi asiyejua anavyosikika, "Nyumba ina kuta."

Kesho yake sikuweza kujificha tena. Solange alinikuta bombani. Alikuwa amesubiri siku nne na maswali yake.

"Eeh, sha, rafiki yangu, mmerudi. Nambie. Unaona mpaka Kigali?"

Nilikuwa na ndoo mkononi na watu sita nyuma yangu kwenye foleni. Nilimtazama Solange, nikamwambia haionekani Kigali, kuna mawingu. Nikamwambia gurudumu linapofika juu husimama, na kiti hutikisika, na chini watu huwa wadogo kama pini. Nikasema niliogopa mpaka nikalia. Sijui kwa nini nilitia hofu. Nafikiri nilijua kwamba mtu akijisifu hashawishi, lakini akisema aliogopa huaminika. Nilikuwa binti wa fundi, nilijua pa kubana pini.

Siku mbili baadaye mama yake Solange alikuja dukani kupunguziwa gauni la kanisani. Alikuwa amekulia Uganda, na Kiswahili chake kilitembea kwa miguu ya lugha tatu. Mimi nilikuwa chini ya meza na sumaku yangu. Salama alikuwa mlangoni akila muwa.

"Baba Yasini, wewe iko baba mzuri," alisema huku Baba akimbana pini. "Kupeleka watoto mbali hivi. Huyu mkubwa wako amehadithia Solange yote. Ati alilia kule juu, masikini."

Nilitoka chini ya meza. Baba alinitazama, pini mbili mdomoni. Nilingoja. Sikuogopa kuumbuliwa, na hili nataka lieleweke vizuri. Nilitaka aniumbue. Nilitaka aseme, huyu hakuwepo, nilimwacha. Ningefedheheka mbele ya mtaa wote, lakini ingekuwa imesemwa kwa sauti na mtu mwingine, si mimi.

Baba akatoa pini mdomoni, akacheka kicheko chake cha wateja.

"Alilia kweli," alisema. "Alinishika mkono mpaka ukafa ganzi."

Aliuchukua uongo wangu akaingia ndani yake kama mtu aliyenyeshewa anavyoingia ukumbi wa jirani. Mimi niliujenga nijisitiri siku moja bombani. Yeye alihamia humo akaishi miaka ishirini.

Jioni ile tulipokuwa tukiosha vyombo uani, Salama alinisogelea. "Viti si vyeupe kama kwenye karatasi," aliniambia polepole. "Ni vyekundu na buluu. Ukiulizwa sema vyekundu. Na ile treni iliharibika, hatukuipanda." Akanieleza yote, lango, foleni, mtu aliyeuza barafu za rangi, jinsi Yasini alivyotapika. Alidhani ananisaidia. Labda alinisaidia. Wakati ule nilitaka kumzamisha kichwa katika beseni la vyombo.

Na hivyo safari yangu ya Kampala ikakua mwaka hadi mwaka. Wageni wakija, Baba alisimulia. Kila mara nilikuwemo, na kila mara nililia. Sebuleni ilitundikwa picha waliyopigwa pale langoni, wote wanne, watatu wao na vindege vyao vya buluu. Yasini alipofika umri wa kuuliza mbona dada hayumo, Baba alimwambia mimi ndiye niliyeipiga. Basi Yasini akakua akijua hivyo. Alikuwa na miaka minne safarini, hakumbuki ila alichosimuliwa, na katika alichosimuliwa mimi nimekaa karibu yake. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akitoka sebuleni hadithi ile ikianza, akigonga fimbo. Bibi naye akafariki, Mungu amrehemu, na hakukuwa tena na mtu wa kutoka.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu akikuacha nyuma, kazi yako ni kumsaidia asionekane kuwa amekuacha. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikaolewa nayo, nikazaa nayo. Nilipopata mtoto niliona mikono yangu ikiwa migumu kila niliponunua tiketi ya chochote. Nilihesabu watoto mara mbili mbili, na nina mtoto mmoja.

Idi iliyopita tulikusanyika kwa Baba, nyumba ile ile. Amezeeka, macho yamepungua, lakini bado anakunja pindo za suruali za majirani. Salama alikuja na watoto wake, Yasini na mchumba wake. Baada ya pilau, Husna wangu, mwenye miaka sita, alikaa miguuni pa Babu yake, na mzee akaanza. Gurudumu. Viti vyekundu. "Na mama yako alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Alilia, masikini."

Husna aliondoka pale, akavuka zulia, akaja kunipapasa mkono. "Pole, Mama," alisema.

Mwanangu alinipa pole kwa hofu ya mahali ambapo sikupelekwa. Hapo ndipo nilipochoka.

"Baba," nilisema, "mwambie ukweli."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini Mama Salama, aliyekuwa akikusanya sahani, aliziweka chini.

"Ukweli gani, mwanangu?"

"Unaujua."

Yasini alicheka. "Dada ameanza. Unaona haya mpaka leo? Sote tuliogopa."

"Yasini, mimi sikuwepo."

"Ulikuwepo bwana. Mimi nakukumbuka. Ulikaa upande wangu." Aliinua kidole kuonyesha picha ukutani. "Na ile uliipiga wewe."

Nikamtazama Salama. Alikuwa na mtoto mapajani, akimfunga vifungo vilivyokuwa vimefungwa. "Mimi nilijua," alisema. "Nilifikiri unataka iwe hivyo. Wewe ndiye uliyeanza."

"Nilikuwa na miaka kumi."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akairudisha. Nilidhani atacheka kile kicheko chake. Nilikuwa nimeshajiandaa kuondoka nacho, na kutorudi.

"Hakuwepo," alisema. "Dada yenu hakuwepo. Nilimwacha hapa."

Yasini aligeuka akaitazama ile picha ukutani. Husna ndiye aliyeuliza, kwa sababu watoto huuliza kinachofuata.

"Kwa nini, Babu?"

Mzee hakumtazama Husna, alinitazama mimi, au upande nilipokuwa, kwa macho yake hayo.

"Salama alikuwa bado kama mgeni kwangu," alisema. "Kila siku nilimwona ananitazama kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nilitaka ajue na yeye ni mwanangu. Nikasema nikimpeleka na dada yake atajiona wa pili tena, kama kila siku. Nikimpeleka bila dada yake atajua. Mama yako alikuwa wangu. Yeye nilijua anajua."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi aliyoitunza muda mrefu. Na mimi, ningekuwa bado Mkubwa, ningeipokea kwa mikono miwili, nikasema naelewa.

"Sikujua," nilimwambia.

"Mwanangu—"

"Sikujua, Baba. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Mama Salama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Baba aliinamisha kichwa, na hakusema nisamehe, au kama alisema sikusikia. Sikulia. Nilisubiri kuona kama hasira itashuka sasa kwa kuwa imesemwa. Haikushuka. Ilikaa palepale, ila kwa mara ya kwanza haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya wote mle ndani, na kila mmoja alikaa nayo.

Husna alikuwa bado ameshika mkono wangu, anawaza. Mtoto yule akipata fundo halali mpaka alifungue.

"Sasa, Mama," aliuliza, "wao walipokuwa kule kwenye gurudumu, wewe ulikuwa wapi?"

Nilimtazama Baba, nikamtazama Salama, nikamtazama Yasini. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza.

"Nilikuwa hapa," nikamwambia.